Vikombe vya Ngozi vya Kwemkole

Kalibu ya mpingo iliyoko pale karakana, ambayo mmoja wenu wiki iliyopita aliitumia kuzuia mlango usijifunge, niliichonga mimi kwa mikono yangu. Simlaumu kijana wa watu. Angejuaje? Ina tundu katikati na kizibo chake, inafanana na kinu cha mtoto wa kuchezea. Lakini nilipoiona imelala chini na vumbi lake, nikasema, kabla sijasahau au sijasahauliwa, niwaandikie kitu hiki ni nini na kilifikaje mikononi mwa mtu aliyezoea kupewa kila kitu ndani ya boksi. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo nilivyopata vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Mimi ni Mshambaa wa Mpale. Nilishuka Korogwe kabla ya Uhuru, kijana wa ndevu za kuhesabu, kutafuta kazi kwenye shamba la mkonge. Jina la shamba halina haja. Yalikuwa mengi, na kila moja lilikuwa na Mzungu wake mwenye kofia. Siku ya kwanza nilipelekwa kwenye korona, ule mtambo unaokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Mama yangu! Sikuwa nimewahi kuona kitu kikubwa namna ile kikienda chenyewe. Ardhi ilitetemeka nikaisikia magotini. Upande huu yanaingia majani ya kijani, upande ule zinatoka nyuzi nyeupe kama mvi za bibi, na chini maji yanamiminika bila kukoma. Nilisimama mdomo wazi mpaka mnyapara akanichapa kisogoni. "Wewe, umekuja kazini au umekuja harusini?"

Kumbe maji yale ndiyo yaliyokuwa riziki yangu. Korona bila maji haiendi hata saa moja, kwa hiyo shamba lilikuwa na pampu zake na fundi wake wa pampu, Mzee Kaniki, na mimi nikapangwa kwake. Mzee Kaniki alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyependa maneno. Alikuwa na bisibisi moja ndefu kama mkono wangu. Pampu ikileta matata, wenzake walikimbilia spana. Yeye aliweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini akaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Anasikiliza. Anasogeza kidogo, anasikiliza tena. Kisha anasema, "Fungua hapa," na ukifungua hapo ndipo ugonjwa ulipo. Nilidhani ni uchawi wa Kishambaa ambao kwetu Mpale walisahau kunifundisha.

"Si uchawi," aliniambia. "Mashine haijui kusema uongo. Sikiliza kwanza, fungua baadaye." Pampu iliyokuwa ikizunguka bila kuvuta maji alisema inacheka. "Unaisikia? Inacheka. Haina mzigo." Ilinichukua karibu mwaka mzima kusikia kicheko hicho, na siku nilipokisikia nilipiga kelele kama mtu aliyeokota mali. Mzee Kaniki akaniambia nipunguze sauti, nimeizidi pampu.

Ndani ya pampu zile, kule chini kabisa, mna pistoni, na pistoni imevalishwa vikombe vya ngozi. Ngozi ikilowa inatanuka, inabana ukuta wa silinda, na ndiyo inayoyabeba maji yakapanda. Kikombe chenyewe ukikishika ni kitu cha kudharaulika, duara la ngozi lililokunjwa kingo. Kikichakaa, unakwenda dirishani kwa Bwana Stoo.

Bwana Stoo nilimjua kwa dirisha lake la waya. Hakuwa na salamu. Salamu yake ilikuwa neno moja: "Cheti?" Ukiwa na cheti chenye saini na muhuri, anageuka, anarudi na boksi, vikombe vimeviringishwa karatasi ya nta, vinang'aa. Huna cheti, hata kama korona imesimama na yule Mgiriki mwenye shamba anaruka juu chini huko nje, Bwana Stoo anakutazama kama ukuta. Katika miaka kumi na mitatu niliyokaa kwenye karakana ile sikuwahi kumsikia akisema tafadhali, wala naomba, wala pole. Na mimi, kusema kweli, sikuwahi kujiuliza vikombe vile vinatoka wapi. Nilidhani vinazaliwa stoo.

Uhuru ulipokuja tulicheza ngoma mpaka miguu ikavimba, na siku ya pili korona ikawashwa kama kawaida. Miaka ikapita, Azimio likaja, mashamba yakabadilisha wenyewe. Lakini mkonge wenyewe ulikuwa umeshaanza kuugua. Ulimwengu uligundua kamba za plastiki, bei ikaanguka, na korona ikawa inawashwa siku tatu kwa wiki, halafu mbili. Mzee Kaniki alirudi kwao Kerenge akafia huko, Mungu amrehemu, na bisibisi yake aliniachia mimi. Haukupita muda tukaitwa uwanjani, yakasomwa majina ya wanaopunguzwa. Langu lilikuwa katikati ya orodha, halikusomwa kwa sauti kubwa wala ndogo.

Tukafunga virago kwenye chumba tulichopanga Kilole, mimi na mke wangu Mama Salehe, tukarudi Mpale kulima. Wanangu, jembe halina nati. Nililima vibaya, nikapanda vibaya, nikapalilia mahindi nikaacha magugu. Siku moja Mama Salehe alinikuta nimesimama katikati ya shamba na ile bisibisi mkononi, sijui naitafutia nini. Akacheka mpaka akakaa chini. "Baba Salehe, mahindi hayasikilizwi kwa bisibisi!" Nikacheka na mimi, lakini usoni tu. Kwa ndani nilikuwa mtu aliyekwisha.

Ndipo ikaja habari kutoka Handeni. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, na kijiji kimoja, Kwemkole, kilikuwa na kisima kirefu na pampu ya dizeli iliyokufa. Wanatafuta fundi. Nikabeba sanduku langu la spana.

Handeni ni nchi nyingine. Kwetu mlimani maji yanakusumbua kwa kukupitia mlangoni. Kwemkole niliwakuta wanawake wakitoka alfajiri na kurudi jua likiwa juu, ndoo moja kichwani, maji rangi ya chai ya maziwa. Pampu ilikuwa ya wafadhili. Walikuja, wakachimba, wakafunga, wakapiga picha, wakaondoka. Mwenyekiti wa kijiji, Mzigua mmoja mrefu mwenye sauti ya mkutano hata akiomba chumvi, alinieleza bila kuzunguka. "Fundi, bwana mkubwa wa wilaya amesema kijiji kisicho na maji si kijiji. Mvua zikikaribia na pampu hii bado imekufa, tunahamishwa tena. Tumeshabomoa nyumba zetu mara moja. Watu hawa hawawezi kubomoa mara ya pili."

Nikawasha injini. Ilikuwa nzima kabisa. Nikaweka bisibisi kwenye bomba, nikafumba macho. Pampu ilikuwa inacheka.

Tukasimamisha magogo matatu, tukafunga mnyororo, wanaume wakavuta vyuma virefu vinavyoishikilia pistoni kisimani, kimoja kimoja, mpaka pistoni ikatoka. Vikombe vilikuwa vimebaki kama karatasi iliyolowa. Basi, nikasema kwa furaha, kazi ndogo! Viletwe vipya, nusu siku tumemaliza. Tukaandika barua wilayani. Wilaya ikaandika Tanga. Tanga ikaandika Dar es Salaam. Jibu likarudi njia ileile, kituo kwa kituo: vikombe vinatoka nje, na fedha za kigeni hakuna. Nilisoma barua ile nikageuka, wallahi, kutafuta dirisha la waya.

Nikaamua kutengeneza mwenyewe. Maalim wa kijiji alikuwa amechinja ng'ombe wa sikukuu, nikaomba ngozi. Nikakata duara, nikalowesha, nikazisokomeza ndani ya vikombe vya bati vya chai ili zichukue umbo, nikaanika juani. Zilitoka nzuri! Zilishika umbo, zikakauka, zikalia ko-ko-ko ukizigonga. Tukazifunga, tukashusha vyuma, tukawasha. Maji yakaja. Vigelegele vilisikika mpaka kijiji cha pili, na Mwenyekiti alitoa hotuba ndefu kuliko uhai wa vile vikombe. Maana siku ya nne maji yalianza kunuka. Siku ya tano yakatoka na utelezi. Siku ya sita pampu ikaanza kucheka, na tulipoivuta juu, ngozi zangu zilikuwa zimeoza, zinachuruzika mikononi.

Mke wa Mwenyekiti, Mama Mwanahamisi, alikuja na ndoo yake akachungulia. "Fundi," akasema, "umetunywesha supu ya ngozi siku tano nzima. Na hata chumvi hukutia." Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Ulisema umefanya kazi shamba kubwa," akaniambia.

"Kule kulikuwa na stoo, Mwenyekiti."

"Hapa hakuna. Sasa tueleze, wewe ni fundi, au ulikuwa mteja wa stoo?"

Ninawaambieni ukweli, nimepata homa, nimevunjika mguu, nimezika mtoto, lakini swali lile lilinipata mahali ambapo sikuwa na kinga. Asubuhi nikafunga sanduku langu, nikaanza kutembea kurudi njia ya Korogwe. Nilikuwa nimeshapanga nitakachomwambia Mama Salehe, nacho kilikuwa uongo.

Njiani kuna mto wa mchanga, mkavu, ambao wafugaji wanauchimba kutafuta maji. Nilikuta ng'ombe wamejipanga na mama mmoja Mmasai, mtu mzima, anavuta maji shimoni kwa kamba na kuwamiminia. Nikamwamkia kwa Kimasai, kama walivyonifundisha kijijini; yeyo kwao ni mama. "Yeyo, takwenya!"

"Iko," akaitikia. Akalitazama sanduku. "Wewe ndiye fundi wa supu?"

Lahaula! Habari huko nyikani zina miguu mirefu. Nikaomba maji ya kunywa, akanipa kwenye chombo chake hichohicho cha kuvutia. Nikanywa. Nikarudisha chombo. Halafu mkono wangu ukakataa kukiachia.

Kilikuwa ndoo ya ngozi. Nyeusi, imelowa, laini kama sikio la ndama, na imara. Niliipeleka puani kama mwendawazimu. Hainuki! Nikaibonyeza kwa ukucha. Haina utelezi!

"Yeyo, ndoo hii umeitengeneza lini?"

"Si mimi. Mama yangu alitengeneza. Mimi nilikuwa bado sijatogwa masikio."

Nikaketi juu ya sanduku langu. Mama huyu alikuwa na wajukuu. Ngozi ile ilikuwa imeingia majini na kutoka kila siku ya Mungu tangu kabla mimi sijazaliwa, na mimi nilitoka shamba kubwa lenye mitambo ya kutikisa ardhi na ngozi yangu iliishi siku tano. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Siku ile kwenye korona nilishangaa kwa sababu ya ukubwa. Hapa nilishangaa kitu ambacho kingeingia kwapani, na mshangao wenyewe ulikuwa mkubwa zaidi.

Nikamwambia, "Yeyo, nifundishe."

Akacheka kidogo. "Ulikaa pale miezi miwili. Ng'ombe wangu wanapita pale kila siku. Hukuuliza."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na nyumba yake iliniinamisha kweli, mlango wake unaingia kwa magoti. Akanionyesha ngozi ya dume lake lililokufa kwa ukame. Akapitisha kidole. "Hapa mgongoni. Si tumboni. Tumbo linavutika, ni vivu." Nje kulikuwa na gogo lililochimbwa, limejaa maji mekundu kama damu. Magome ya mgunga, yaliyotwangwa. "Ngozi ina njaa," akasema. "Inakaa humu, inakula magome, tunabadilisha, inakula tena. Ikishiba, maji hayaiwezi. Wewe ulichukua ngozi yenye njaa ukaitia kisimani. Ikanywa mpaka ikafa." Baadaye inasuguliwa mafuta ya ng'ombe, na inakauka kivulini, kamwe si juani.

Nimesoma vitabu vya mitambo baada ya hapo, vingine na picha za rangi. Hakuna kilichonieleza jambo hilo kwa ufupi namna ile.

"Siku ngapi?" nikauliza.

"Wiki tatu. Na mimi nina neno. Lile birika linalopokea maji ya pampu yenu. Ng'ombe wangu wanywe pale."

Hapo palikuwa na shida. Mwenyekiti alikwishapiga marufuku ng'ombe wa wafugaji kukaribia kisima, kwa sababu walikuwa wamekula mahindi ya shamba la kijiji. Lakini nilikubali papo hapo, kama vile kisima ni cha baba yangu. Kisha nikarudi Kwemkole, nikamwambia Mwenyekiti anipe wiki tatu. Ya birika nikayameza. Nikaokota gogo la mpingo, nikachonga kalibu hii mnayozuilia mlango, tundu kwa kipimo cha silinda na kizibo cha kukandamizia. Mpingo unakula patasi. Niliinoa mara nyingi kuliko nilivyochonga, na mbingu kila siku ilikuwa inazidi kuleta mawingu.

Wiki tatu zilipotimia Yeyo alikuja na ngozi zake zimefungwa kwenye shuka, ng'ombe wakamsubiri mbali. Nikakata, nikakandamiza kwenye kalibu, tukangoja zikauke kivulini, akazipaka mafuta. Kijiji kizima kilikuwa pale kisimani. Nikaona hapana, siwezi kufunga vikombe hivi na neno la birika bado nimelimeza. Nikalisema.

Mwenyekiti akapanda juu kama moshi. "Nani alikupa mamlaka ya kugawa maji ya kijiji?"

Kabla sijajibu, Maalim akanyanyua mkono. "Ngoja, Mwenyekiti. Kuna la mbele ya hilo. Fundi, ng'ombe huyu alichinjwa?"

Wanangu, ningeweza kusema ndiyo. Yeyo alinitazama tu. "Hapana, Maalim. Alijifia kwa ukame."

Watu wakarudi nyuma hatua moja, kama watu niliowatupia nyoka. Kibudu! Maji ya kunywa na kutawadhia yapite kwenye ngozi ya kibudu! Nikajua nimekwisha, mimi na kijiji pamoja. Maalim akakichukua kikombe kimoja. Akakinusa. Akakikwaruza kwa ukucha, akatazama ukucha. Akamuuliza Yeyo, kwa adabu, "Mama, hii umeifanyia nini?" Yeyo akamweleza magome, siku kwa siku, kubadilisha mpaka ishibe.

"Kibudu hakiliwi," akasema Maalim. "Lakini ngozi yake ikitiwa magome, uvundo ukatoka na utelezi ukatoka, imetoharika. Hivyo ndivyo tulivyosomeshwa." Akakigeuza kikombe mkononi. "Ile ya kwanza, ng'ombe wake nilimchinja mimi kwa mkono wangu, kwa bismillahi, nayo ikanuka. Hii ni ya kibudu, nayo haina harufu. Subhanallah. Kumbe kazi ileile inayoikinga ngozi na maji, ndiyo inayoitoharisha." Alikuwa amelisoma jambo hilo utotoni kitabuni, na mama yule alilifanya maisha yake yote bila kitabu, wakakutana kwenye kikombe changu.

Likabaki la birika. Mwenyekiti akaanza tena na mahindi yake. Mama Mwanahamisi akatua ndoo tupu chini, mbele ya watu wote. "Baba Mwanahamisi, toka tuoane hujabeba ndoo hata moja. Leo ukikataa, ya kesho utabeba wewe. Na tukihamishwa, hayo mahindi utayabeba wewe pia." Wanawake wakapiga vigelegele, na mwanamume mwenye akili anajua vigelegele vya namna hiyo maana yake nini.

"Wanywe," akasema Mwenyekiti. "Watu kwanza."

"Watu kwanza," akasema Yeyo. "Ng'ombe aliyeshiba maji hana haja ya mahindi yako."

Tukafunga. Tukashusha vyuma, kimoja, kingine, kingine, mpaka mikono ikawaka. Nikawasha injini, mkanda ukazunguka, vyuma vikaanza kupanda na kushuka. Hakuna kitu. Nikaweka bisibisi ya Mzee Kaniki kwenye bomba, mpini nyuma ya sikio, nikafumba macho.

Haikuwa inacheka. Kule chini, mbali kabisa, palikuwa na mzigo. Kila pigo, mzigo unakuwa mkubwa kidogo, sauti inakuwa nzito kidogo, inakaribia. Ukimsikia mtu mzima anapanda mlima na mtoto mgongoni, ndivyo. Nikamwita Yeyo, nikamwekea mpini nyuma ya sikio. Akashtuka, akataka kuruka, kisha akatulia. Macho yakamtoka.

"Kuna kitu kinapanda," akasema.

Na yakaja. Yalikohoa kwanza kwa hewa na kutu, halafu yakaja meupe, yamejaa bomba, yanapiga birika kwa kishindo. Nililia. Sioni haya kuandika hivyo. Siku ya nne nilikwenda kunusa, ya tano nikanusa, ya sita nikanusa, Mama Mwanahamisi akawa ananitania kwamba nimegeuka mbwa wa kisima. Hayakunuka. Mvua zilikuja zikakuta Kwemkole iko palepale, na hakuna nyumba iliyobomolewa. Nilipovifungua vikombe mwaka uliofuata kuvikagua, nilivirudisha vilevile.

Kutoka hapo niliitwa kijiji kwa kijiji, na baadaye idara ya maji ikaniandika, nikawa mtu wa serikali mpaka juzi mliponipa kiti hiki cha kustaafia, ambacho mguu mmoja ni mfupi. Hayo mengi mnayajua. Limebaki moja.

Miaka kadhaa baada ya siku ile nilikuwa Kwemkole kwenye matengenezo, likaja gari ninalolijua, la shamba la mkonge la Korogwe, limechoka. Akashuka mzee mmoja na kofia yake. Ilinichukua muda, maana sikuwa nimewahi kumwona bila waya mbele ya uso. Alikuwa Bwana Stoo.

Nikamwamkia, akaitikia. Korona imesimama, akasema. Pampu ya maji. Rafu za stoo ni tupu mpaka panya wamehama, na huko Korogwe wamesikia kuna fundi Handeni. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akanipa karatasi.

Ilikuwa cheti. Vikombe vya ngozi, vinne. Kimesainiwa na kupigwa muhuri, tarehe kwenye kona, maandishi yaleyale ya mkono wake. Nilikisoma mara mbili. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nikipeleka karatasi kama ile dirishani kwake, nikisimama juani. Nilikuwa na maneno mengi tayari, na mengine yalikuwa matamu sana.

Lakini nilimchukua mpaka kwenye birika, ambapo Yeyo alikuwa ananywesha ng'ombe wake, nikampa Yeyo ile karatasi. "Bwana," nikamwambia, "stoo ndiyo hii inayokunywa maji. Na mwenye stoo ndiye huyu."

Yeyo akaigeuza karatasi upande huu na upande huu. Hakuwa anajua kusoma. "Hii inasema nini?"

"Inasema anaomba vikombe."

Akamtazama Bwana Stoo, kutoka kofia mpaka viatu. "Mbona haombi?"

Injini ilikuwa inanguruma, ng'ombe wanavuta maji kwa pua. Bwana Stoo akavua kofia. Kichwa kilikuwa cheupe chote.

"Shikamoo, mama," akasema. "Naomba."

"Marahaba," akasema Yeyo, akamrudishia karatasi yake. "Unataka vingapi?"